Katekista Hupanda Wakati wa Mvua

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Mvua imeanza kabla hakujapambazuka, ya upepo, ikitokea upande wa Kongwa. Saa nne ilipungua ikawa manyunyu, sasa imerudi. Sokoni Majengo tumefunika magunia kwa maturubai na mnunuzi hakuna, kwa hiyo nimemwachia jirani meza yangu nikarudi nyumbani. Nimekaa barazani na daftari.

Leo jioni anakuja Katekista. Kila mwaka huja Jumamosi ya pili ya Februari, tunapanga siku, na wiki inayofuata tunaondoka na baiskeli kwenda Mpwapwa na milima iliyo nyuma yake. Mwaka huu mke wake amemtangulia kuja kwangu. Juzi alinikuta sokoni, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama. Alichotaka ni kimoja: Katekista akija, nikatae.

"Peke yake haendi, unamjua," alisema. "Ukikataa wewe, safari hakuna. Chai anamimina nje ya kikombe, mwanangu. Huko juu kwenye ukungu atamimina nini?"

Nikamwambia nitaangalia, mama. Hilo si jibu, na aliondoka akijua si jibu.

Kabla hajafika nataka nimwandike huyu mtu jinsi nilivyomjua, nisimwongezee wala nisimpunguzie, ili nijue ninayemkatalia ni nani. Sina hakika kama nitaweza. Niliishia darasa la saba, na magunia nayapanga vizuri kuliko maneno. Nitaandika yanavyokuja.

Jina lake sitaliandika kwa sababu hakuna anayelitumia. Kazi ya ukatekista alishastaafu, lakini hata watoto wa mtaani kwake Ipagala wanamwita hivyo, na siku moja zahanati waliponiuliza jina la mgonjwa niliyemleta ilinibidi nifikiri kwanza. Alitumikia makanisa madogo ya huko milimani, Kibakwe na kupanda juu hadi Wotta, na kutoka moja kwenda jingine usafiri ulikuwa baiskeli. Alipostaafu kijana wake akamleta Dodoma kwenye nyumba ya vigae, yenye bomba ndani. Katekista anaisifu sana ile nyumba. Kisha kila Februari anaiacha na kwenda kulala kwenye nyumba za udongo huko kwenye baridi, bila kutumwa na kanisa wala na mtu yeyote.

Tulijuana kwa uwele, nafaka ninayouza. Alikuja mezani kwangu kununua, akaiona baiskeli yangu imebeba gunia, akaniuliza kama imewahi kupanda mlima. Nilimjibu imepanda tuta la reli. Hakucheka. Alizunguka akabonyeza tairi, akavuta cheni, akaniambia baiskeli nzuri ila mwenyewe bado. Sijui kwa nini nilikubali. Nadhani nilitaka kumwonyesha. Tangu hapo nimekwenda naye mara tisa.

Watu humwuliza kwa nini asiende Julai, barabara zikiwa kavu. Majibu yake nimeyasikia mengi na hayafanani. Fundi mmoja pale Mbande aliambiwa vumbi humkohoza. Mchungaji mmoja aliambiwa kwamba kiangazi watu wa mlimani huwa wameshuka kutafuta vibarua, mvua ndiyo inawarudisha mashambani, na yeye anakwenda kusalimia watu, haendi kusalimia milango. Hilo lina ukweli. Mimi aliniambia kiangazi hata Mswahili anaweza. Ananiita Mswahili kwa kuwa ni mtu wa Majengo, Mwislamu, na babu wa babu yangu alifika Dodoma na misafara ya wafanyabiashara akanogewa akabaki.

Mimi nina wazo langu, na linaweza kuwa si sawa. Nadhani anapenda tu. Anapenda saa ile ukungu unaposhuka barabarani na huoni gurudumu lako la mbele, unasikia maji upande wa kushoto na hujui yako mbali kiasi gani. Uso wake hubadilika. Ila mtu aliyefanya kazi ya kanisa maisha yake yote anaona haya kusema anapenda kitu kisicho na faida kwa mtu mwingine, kwa hiyo huzitafutia safari zake sababu.

Namna yake ya kusafiri ni hii. Siku ya kwanza tunafika Kongwa. Asubuhi yake, kabla hatujaacha lami, hufungua madigadi yote mawili ya kila baiskeli na kuyaacha kwa mama mmoja muuza chapati, kwa sababu udongo mwekundu ukiloa hujaa kati ya digadi na tairi hadi gurudumu linagoma kabisa. Bila digadi matope yanakupiga mgongoni mpaka kisogoni. Yeye anasema bora matope mgongoni yanayosafiri kuliko matope kwenye tairi yanayokaa. Kila mtu hubeba kijiti kilichochongwa bapa cha kukwangulia, kimefungwa kwenye usukani. Wewe unaona ni kijiti tu. Ukikipoteza, kama nilivyopoteza mimi mwaka wa kwanza, utakwangua kwa kucha, naye atakaa juu ya jiwe akikuangalia.

Koti la mvua lake ni mfuko wa mbolea uliotobolewa kwa ajili ya kichwa na mikono. Kijana wake aliwahi kumnunulia koti la maana, la zipu, lisilopitisha tone. Alilivaa mpaka Kibakwe, akamkuta mtu anachunga mbuzi kwenye mvua na shuka moja, akamvisha. Nyumbani alipoulizwa alisema koti limebaki mlimani. Kijana alielewa limesahauliwa. Katekista hakusema uongo, lakini alijua kijana ameelewa nini na akamwacha hivyo. Naliandika hili kwa sababu watu humtaja kama mtu asiyejua kudanganya. Anajua.

Uongo wake mwingine ni wa kona. Ukichoka ukamwuliza bado kiasi gani, jibu ni lile lile: "Kona mbili." Mwaka wa kwanza nilihesabu kona hamsini na kitu baada ya zile mbili. Nilipomkabili alisema hakusema kona mbili za wapi. Mwaka wa pili nikauliza tena, na ajabu ni kwamba jibu lile lilinisaidia ingawa nilijua ni la uongo. Sasa nami huwaambia hivyo wapagazi wangu tunapopanga magunia, kwamba bado mawili.

Matusi ya moja kwa moja hana. Cheni ikikatika huongea nayo Kigogo kwa sauti ya chini, na sijawahi kuomba tafsiri. Lakini utani anao, na hana huruma nao. Nikisukuma baiskeli kwenye mpando huniambia babu zangu walipita nchi hii na mizigo ya watu kichwani kutoka pwani mpaka Ujiji, na mimi nina magurudumu mawili na karanga mfukoni lakini nalia. Mimi humjibu kwamba hao babu walipofika Ugogo walitozwa mpaka maji ya kunywa na babu zake. Hapo huridhika, anapanda kimya nusu saa.

Upande wa dini nimwandikie kwa haki yake. Hajawahi kugusa imani yangu. Ikifika saa ya swala husimama mwenyewe, kabla sijasema. Mwaka mmoja juu ya Wotta hapakuwa na pa kusimama pakavu, nikaswali chini ya ukingo wa mwamba huku mvua ikiingia kwa ubavu, na yeye alisimama upande wa mvua na ule mfuko wa mbolea ameutandaza kwa mikono miwili kama pazia. Nilipomaliza aliniuliza kama kwenye dua nimezitaja na zile kona. Nami vilevile, Jumapili ikitukutia njiani, hukaa nje ya kanisa lake na baiskeli zote mbili mpaka watoke. Kuimba hapendi. Anasema aliimba vya kutosha kwa mshahara.

Mambo mawili hayajakaa pamoja kichwani mwangu mpaka leo. Kwenye mteremko hana woga. Nimemwona akishuka kutoka Wotta kwa mwendo ambao bodaboda mmoja alisimama kumpisha, halafu akaniuliza yule mzee anakimbizwa na nani. Lakini daraja, hata la magogo mawili juu ya kijito cha kurukwa na mbuzi, hulishukia. Anashuka kwenye baiskeli, anashika usukani kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, anavuka akitazama ng'ambo. Pale Gulwe mto ulipojaa alitulaza siku nzima upande wa huku, akagombana na vijana wa pikipiki waliotaka kuvuka. Alisimama mbele yao kabisa. Vijana walimwambia mzee una hofu. Aliwajibu ndiyo, anayo, na wao pia watakuwa nayo wakifika katikati, tofauti ni kwamba yeye anaianza mapema. Walisubiri. Mchana wa pili maji yalipungua tukavuka wote.

Nikisema ni mpole nitakuwa namsingizia. Mwaka wa tatu niliugua homa juu mlimani, meno yakigongana, nikamwomba tulale siku moja kwa wenyeji. Alikataa. Aliufunga mzigo wangu juu ya wake, akaniambia juu kuna baridi na chini kuna zahanati, nichague wapi nataka kuumwa. Nilishuka nikiyumba. Saa nzima hakugeuka nyuma hata mara moja, nilihesabu. Nilimchukia miezi miwili, sikumsalimu vizuri hata alipokuja kununua uwele. Muuguzi wa pale chini alisema nimeletwa kwa wakati. Kwa hiyo Katekista alikuwa sahihi. Lakini nadhani mtu anaweza kuwa sahihi na akageuka nyuma mara moja.

Nilipokuja kumwambia hivyo, miaka baadaye, alifikiri kidogo akasema alikuwa ananisikia. Cheni yangu ilikuwa inalia. Muda wote cheni inalia, alijua nipo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa, maana bila hapo yote niliyoandika ni mapambo.

Mvua ikinyesha breki za baiskeli zetu hazishiki. Mpira wa breki unateleza juu ya rimu iliyoloa. Watu wa milimani wana dawa yake: kabla ya mteremko mrefu unakata tawi lenye majani mengi, unalifunga kwa kamba nyuma kwenye keria, linaburuzika barabarani na kukuvuta. Ukitaka mwendo upungue sana unafunga mawili. Wanaoshusha mbao na mkaa wanafanya hivyo kila siku, na ukifika chini utakuta rundo la matawi yaliyochakaa, kila mtu ameacha lake. Kuchagua tawi ilikuwa kazi ya Katekista siku zote. Alikuwa anaangalia mti, anatikisa, anakata, anatia kwenye keria yake na yangu. Hakunifundisha kuchagua na mimi sikuuliza.

Miaka sita iliyopita tulikuwa tunashuka kwenda Kibakwe na mvua ilikuwa ya kukata uso. Katikati ya mteremko matawi yetu yalikuwa yameisha, yamebaki vijiti. Tukasimama. Katekista alikuwa ameinama anakwangua matope kwenye cheni yake, na mimi nikaona nisimsumbue, kwa mara moja nifanye mimi. Kando ya barabara palikuwa na ua la boma la mtu, kijani, laini, linakatika kirahisi. Nikakata matawi manne. Nikafunga mawili kwangu, mawili kwake, nikakaza kamba kwa mikono miwili. Niliona mikono inanata. Nilidhani ni ya mvua na udongo.

Yalikuwa minyaa. Mtoto yeyote wa Kigogo anaijua minyaa: ukiivunja hutoa maziwa meupe, na maziwa yale hayatakiwi karibu na jicho. Hata mimi niliwahi kuambiwa. Ila mimi ni mtu wa mjini, kwangu minyaa ilikuwa ua tu, kitu cha kupita kando yake. Kwa kuwa mimi nilivaa kofia yenye ukingo sikujipangusa uso. Katekista alipofika chini aliinama kufungua kamba yake, kamba ikiwa imelowa maziwa na maji, halafu akajifuta mvua usoni kwa kiganja kile kile.

Sitaandika alivyolia kwa sababu hakulia. Alikaa chini matopeni, akasema kwa utaratibu, "Lete maji. Mengi." Nilimwaga chupa zote mbili, nikachota kwenye mfereji. Zahanati walimsafisha tena na tena, wakatuweka siku tatu Kibakwe. Jicho la kushoto lilipona. La kulia lilipona kwa nje, lakini tangu siku ile anaona nalo kama kuna moshi ndani ya nyumba.

Siku ya pili pale Kibakwe muuguzi alikuwa anaandika maelezo akamwuliza kimeingia nini. Mimi nilifungua mdomo. Katekista alisema kabla yangu: "Mvua. Iliniingia mvua na uchafu." Muuguzi alimtazama, akanitazama, akaandika. Nyumbani kwake alisema vile vile. Mpaka leo mke wake anaamini ni mvua, na juzi alisimama mbele ya meza yangu akiniita mwanangu, akiniomba nimlinde mume wake. Nilishika mzani nisijue nifanye nini na mikono.

Nijitahidi kupima sawa. Mwaka jana daktari wa macho alimwangalia. La kushoto lina mtoto wa jicho, ni la umri, linafanyika upasuaji na mtu anaona tena. La kulia lina kovu. Hilo hakuna wanaloweza. Kwa hiyo la kushoto ni la miaka yake na la kulia ni la mkono wangu. Upasuaji alipangiwa, akaahirisha. Alisema baada ya mlima. Tulikwenda mlimani, tukarudi, akasema baada ya mavuno, halafu baada ya Krismasi, na sasa tena baada ya mlima. Anaogopa kisu, nadhani, kama anavyoogopa daraja, ila hili la kisu hajalikiri. Nikikataa safari hatakuwa na mlima wa kusingizia. Nikikubali, anapanda na jicho moja lenye ukungu na jingine lenye moshi, kwenye njia ambayo mwaka jana nilimwona akikosa ukingo kwa upana wa tairi. Alisema alikuwa anakwepa jiwe. Jiwe halikuwepo. Nilirudi nyuma nikaangalia.

Nikimkatalia, namnyang'anya kitu anachokipenda, mimi niliyekwisha kumnyang'anya kingine. Hapo ndipo nilipokwama tangu juzi. Mawazo yaliyonijia ni ya kijinga: nitasema goti.

Nasikia mtu anafungua geti.

*

Tumemaliza kula na amekwenda. Nimemsindikiza mpaka kwake na nimerudi. Naandika ilivyokuwa.

Aliingia akisukuma baiskeli, amelowa, mfuko wa mbolea begani. Aliamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kama anavyofanya tukiwa zaidi ya mmoja, lakini nilikuwa peke yangu barazani. Kiti cha pili kilikuwa na koti langu. Kabla ya kuegemeza baiskeli alinyoosha mkono akagusa ukuta kwanza. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa karanga.

Alisema tuondoke Jumatatu ya wiki ijayo. Alisema Gulwe kuna maji lakini yatapungua. Alisema ametengeneza vijiti vipya viwili, cha kwangu kizuri kuliko chake.

"Goti, mzee," nilisema.

"Lipi?"

Nikalishika la kulia. Mke wangu alikuwa jikoni uani na mlango ulikuwa wazi. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu hilo goti limeanza lini, maana asubuhi alimwona mtu anaruka dimbwi. Katekista alicheka mpaka akakohoa karanga. Alisema wale babu zangu walikwenda mpaka Ujiji na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa goti.

Nikaliacha goti.

"Siendi, mzee. Si goti. Huoni vizuri."

"Nani amesema sioni?"

"Nasema mimi. Na mama alikuja sokoni juzi akaniomba nikatae." Nilifikiri nimfiche, halafu nikaona kumficha ni kuendeleza lile goti.

"Akaja kwako kabla hajaja kwangu?"

"Kwako amekuja mara nyingi, mzee."

Mvua ilikuwa inapiga mabati na maji yanaanguka ndani ya ndoo chini ya mchirizi. Alizungusha ganda la karanga kwenye vidole muda mrefu. Nilijua kuna kitu kimoja ambacho akikisema sitakuwa na la kujibu, na kwa miaka sita nilikuwa namsubiri akiseme, njiani, kwenye mpando, wakati wowote nilipomkasirisha. Hakuwahi. Leo alikisema.

"Mwaka ule sikusema kitu," alisema.

"Najua."

Mke wangu alikuwa anatoka na birika la kunawa na beseni. Alisimama mlangoni. "Mwaka gani?" aliuliza.

Katekista alimgeukia haraka, haraka kuliko anavyogeuka siku hizi. "Mwaka wa mvua nyingi, mama. Ilinikuta mlimani."

Hapo nilielewa kwamba amejutia. Alikirusha kile kitu halafu akakimbia kukidaka kabla hakijanifikia. Kama angeendelea, labda ningeinama nikasema basi tuondoke Jumatatu. Sijui. Lakini alinifunika tena, mbele ya mke wangu, ndani ya nyumba yangu, na mimi sikuweza kukaa chini ya ule mfuko wake mara nyingine.

"Haikuwa mvua," nilimwambia mke wangu. "Nilikata minyaa nikaifunga kwenye baiskeli yake. Mimi. Maziwa yakamwingia jichoni."

Mke wangu alibaki ameshika birika. Yeye pia ni mtu wa Majengo, lakini minyaa anaijua.

"Na yeye akanyamaza?"

"Akanyamaza."

"Na wewe?"

Nilimpokea beseni nikaliweka chini.

Katekista alisema, kama anayezungumzia barabara, kwamba minyaa ina maziwa mabaya, na kwamba mtu anatakiwa aangalie kinachofungwa nyuma ya baiskeli yake mwenyewe. "Ningeangalia," alisema. "Wakati ule nilikuwa naona."

Ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akisema haoni. Nadhani na yeye alijisikia, maana aliacha kutafuna.

Nilimwambia sitakwenda mwaka huu, hata akipata mtu mwingine nitamfuata huyo mtu nimkataze. Nilimwambia Jumatatu nitakwenda kwake asubuhi, twende kwa daktari, na kwamba kabla ya hapo nitamwambia mama jambo la minyaa kwa mdomo wangu. La minyaa alisema si lazima. Nikasema ni lazima. La daktari hakusema ndiyo na hakusema hapana. Aliuliza kama kisu wanakiingiza mtu akiwa macho. Nilimwambia sijui, tutauliza. Akasema niulize mimi, yeye atakuwa amekaa nje na baiskeli.

Mke wangu alitunawisha, Katekista kwanza. Akaleta sinia, tukakaa mkekani sote watatu. Ulikuwa ugali wa uwele, mlenda, na perege wa Bahi wa kukaanga. Perege wa Bahi ni mtamu lakini ana miiba myembamba, usipoiona inakwama kooni. Mke wangu alivuta kipande cha Katekista upande wake, akaanza kuchambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole, akiipanga ukingoni mwa sinia. Katekista alisikia anachofanya. Aliweka mikono juu ya mapaja, akasubiri mpaka alipomaliza.